Togo Ukutani, Ugogo Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kalamu. Karani Mkuu wa boma la Mpwapwa, mtu wa Pangani mwenye kanzu isiyojua vumbi, alinipa beseni la maji na kitambaa, akaniambia nioshe mikono, nifute meza, nioshe tena mikono, kisha nikae nitazame. Nilitazama mpaka adhuhuri. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona anaandika.

"Umeona mkono," akasema. "Kesho utazame macho. Mnakili ramani hufanya kazi kwa macho, mkono unatumwa tu."

Ninyi vijana mnaoona ramani zimechapishwa kwa mashine huenda hamjui mnakili alikuwa nani. Mpimaji alichora ramani moja tu, kwa penseli, yenye jasho na madoa ya chai. Mnakili alitandaza juu yake kitambaa cha kunakilia, yaani kitani kilichopakwa nta mpaka kikapitisha mwanga, halafu akafuata kila mstari kwa wino mweusi usiofutika. Ukikosea, hapakuwa na kifutio. Ulikwangua kosa kwa ncha ya kisu, ukasugua pale mahali kwa chaki ili wino usitapakae, ukamwomba Mungu. Karani Mkuu alitaka herufi zisimame wima kama watu walio katika sala. Herufi iliyoinama aliiita mlevi, na mwenye kuiandika aliiandika upya mara hamsini.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara aliyeugua miguu Mpwapwa akabaki hapo hapo akaoa. Mama yangu alikuwa Mgogo wa Chilondwa, kijiji kilicho mwendo wa siku moja kusini ya Mtumba. Shule ya serikali ilinifundisha herufi na hesabu. Kijerumani nilikijua maneno manne tu: ndiyo, hapana, haraka, na mjinga. Hilo la nne nililijua kwa kuitwa.

Baada ya Mpwapwa nilipelekwa Kilimatinde, ambako upepo uliruka na karatasi zetu mpaka tukawa tunazikandamiza kwa mawe. Kisha reli ikafika Dodoma, na mimi nikaitwa huko kwa Bwana Mpimaji.

Bwana Mpimaji alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kupenda kuuliza. Sijaona mzungu mwingine wa wakati ule aliyeuliza majina ya mawe. Alikuwa amepima nchi nyingine ya Kaisari kabla ya kuja kwetu, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kwa Kiswahili chake cha mkato: "Nisichokiona, sikiandiki." Niliipenda sheria hiyo. Niliona ni sheria ya mtu mwaminifu.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya mawe yenye paa la bati, karibu na stesheni. Mezani palikuwa na ramani ya Ugogo, ambayo ndiyo kwanza tunaizaa. Ukutani, mbele ya kiti changu, palitundikwa ramani ya nchi nyembamba kama mkanda, imeanzia baharini ikapanda kaskazini bila kunenepa. Juu yake paliandikwa Togo. Nilidhani Bwana kakosea kuandika Ugogo. Nilikaa wiki nzima nikiitafuta Mpwapwa humo.

Aliyenitoa ujingani alikuwa mtu wa Togo mwenyewe. Bwana alikuja naye kwa meli mbili, kupitia Ulaya. Huko kwao alikuwa mshika mnyororo wake, yaani mnyororo wa chuma wa kupimia ardhi, na hapa akaendelea kuushika. Alikuwa mfupi, mweusi tii, amevaa kofia ya majani. Kijerumani alikisema vizuri kuliko Bwana Shauri, Mjerumani mkubwa wa boma, maana alisomeshwa na wamisheni. Kiswahili alikiokota njiani kwa wapagazi, na ngeli zilimkimbia.

"Mimi jina Kofi," aliniambia. "Kwetu mtoto anapewa jina ya siku. Kofi ni mtoto ya Ijumaa."

Nikamwambia mimi ni Juma. Akaniuliza maana yake. Nilipomweleza alinishika mkono akacheka muda mrefu. Nikamfundisha kwamba watu wenye jina moja huitana somo. Tangu siku hiyo akawa ananiita somo yangu mbele ya Bwana, na Bwana, ambaye kamusi yake ilimwambia somo ni kitu cha shuleni, aliamini tunafundishana.

Na kweli tulifundishana. Wino ulihitaji kukauka kabla ya kuhamia upande wa pili wa kitambaa, na muda huo wa kungoja ndio uliokuwa darasa langu. Kiangazi wino ulikauka upesi, nikajifunza kidogo. Masika ulichelewa, na kwa hiyo Togo yangu karibu yote niliipata wakati wa mvua.

Kofi alianzia pwani. Alisema pwani yao ni fupi, mtu hodari wa miguu anaimaliza kwa siku mbili. Nikambishia. Nchi gani ina pwani ya siku mbili? Akasema ndiyo hiyo, na wala haina bandari: mawimbi hupiga mchanga kwa hasira, meli husimama mbali, mpaka Wajerumani walipojenga gati refu la chuma mjini Lome. Nyuma ya mchanga kuna maziwa marefu ya maji yaliyotulia, na wanawake wafanyabiashara hupita humo na mitumbwi ya samaki na vitambaa. Wanawake hao, alisema Kofi, hata Bwana Mkubwa wa nchi hupunguza sauti akizungumza nao. Kutoka Lome zinatoka reli tatu, na watu huziita kwa mizigo yake: reli ya nazi inayofuata pwani, reli ya kakao inayokwenda milimani, na reli ya pamba inayopanda bara.

"Na yetu hii ni reli ya nini?" aliniuliza.

Nilifikiri. Nikasema labda ni ya vumbi.

Kaskazini, alisema, minazi inakwisha, viazi vikuu vinapungua, unaingia nchi kavu ya mtama na uwele. Hapo nikaweka kalamu chini, maana aliieleza Ugogo. Alisema kuna watu huko wanaojenga nyumba za udongo zenye paa la bapa, juu yake wanaanika nafaka. Nikamwuliza mara tatu kama anasema kweli. Mpaka leo naona ajabu kwamba tembe letu la Ugogo lina ndugu upande ule wa Afrika na hawajawahi kusalimiana.

Siku moja Bwana Mpimaji alitukuta katika mazungumzo hayo, naye akaniuliza Dodoma maana yake nini. Nikamweleza nilivyosikia kwa mama: tembo alikuja kunywa maji mtoni, akazama kwenye tope, waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," yaani amedidimia. Wageni wakalisikia neno wakaliweka mdomoni mwao, likawa Dodoma. Bwana alifurahi, akaliandika daftarini.

"Na Togo, Bwana?" nikauliza.

"Togo ni koloni ya mfano," akajibu. "Inajilisha yenyewe." Akatoka.

Kofi alingoja hatua zake ziishe barazani. Kisha akaniambia kwamba Togo ni kijiji. Kiko kando ya ziwa, na jina lake katika lugha yao linasema hivyo hivyo, kando ya maji. Mjumbe wa Wajerumani alishuka kwenye manowari, akaenda katika kijiji hicho, mkubwa wa pale akatia alama yake kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya kijiji na jirani zake. Ilipofika Ulaya ikawa ya pwani yote. Baada ya miaka michache ikawafikia watu wa milimani, kisha wale wa uwele kule kaskazini, ambao wengine walipigana nayo kwa mishale, wala hawajawahi kuliona hilo ziwa.

"Sasa mimi ni mtu ya Togo," akasema. "Mama yangu Togo alikwenda mara moja, kuuza kuku."

Nilicheka. Yeye akaenda ukutani, akaweka kidole mahali kati ya reli ya kakao na mto. Palikuwa patupu. Akaniambia mji wa mama yake uko pale. Siku walipopita, Bwana alikuwa na homa, amebebwa kwenye machela, amefunika uso. Njia ilipimwa kwa hatua, na mji haukuandikwa. Kofi mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele, mnyororo begani. Alipita nje ya uzio wa mama yake, hakusema neno, kwa sababu alikuwa mpya kazini na aliogopa kuonekana anapendelea kwao. Baadaye mahali pasipo jina pakapewa kampuni ya kupanda kakao. Alinitajia jina la mji huo, nikaliandika kwenye kikaratasi nikakitia sandukuni.

Katika ramani yetu ya Ugogo, Bwana alikuwa na tabia ya kuchanganya lugha. Kisima aliandika kisima, mbuga aliandika mbuga, mto aliandika mto. Kwa hiyo nilipoanza kukuta kwa penseli yake neno *leer*, hapa na pale, kwenye maeneo mapana yasiyo na alama, sikushangaa. Nililisoma lea. Zile e mbili na ile r ya mwishoni niliziona ni uzito wa Kidachi tu, yaani Kijerumani, maana Wadachi huandika neno kama wanaolijengea msingi. Na maana yake ilikuwa wazi kwangu: hapa ni nchi ya kulea, ya kulea mifugo. Ugogo pawe na nini kingine? Nikalinakili mahali kumi na pawili, herufi zimesimama kama ziko msikitini. Mahali pamoja kati ya hapo palikuwa ni Chilondwa.

Nilifurahi mno. Nilipopata ruhusa ya siku chache nilikwenda Chilondwa kumsalimia Mjomba Ndahani, kaka wa mama yangu na mkubwa wa kijiji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwana wa wapagazi. Umeleta mguu tu au na habari?"

Nikamwambia serikali imeandika malisho yake kwenye ramani. Akaniuliza kama wameandika na watu. Nikasema hapana, ni malisho tu, neno ni lea.

"Vizuri," akasema. "Malisho waone, watu wasione. Wale wapimaji wenu wa bendera walipopanda kilima kile tulizima mioto yote. Hata watoto tuliwaziba midomo."

Akaamuru achinjwe mbuzi. Nilimla mbuzi yule kwa raha zote, nikarudi Dodoma na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Siku mbili baadaye Kofi alipita nyuma ya kiti changu wakati kitambaa kikikauka. Nikamwonyesha lea yangu kwa majivuno. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaacha ghafla.

"Somo," akasema, "hii ni neno ya Kijerumani. Ni tupu. Hapana mtu."

Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema wahenga, lakini mimi niliambiwa. Kofi alieleza lililobaki. Nchi iliyoandikwa tupu ilikuwa ya Kaisari, na Kaisari humpa amtakaye. Mlowezi mmoja wa Kijerumani aliyetaka shamba la ng'ombe alikuwa ameshaomba pale, alisubiri ramani tu. Ramani ilipaswa kuondoka kwa garimoshi kwenda Dar es Salaam baada ya siku kumi. Kwa mkono wangu, na kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimemfukuza mjomba wangu kwake, na mbuzi wake nikamla.

Nilikwenda kwa Bwana Mpimaji nikamwambia pale Chilondwa kuna nyumba.

"Ulikuwa juu ya kilima?"

"Hapana, Bwana. Nilikuwa hapa ofisini."

"Mimi nilikuwa. Darubini yangu ilikuwa. Hakuna nyumba, hakuna moshi. Nisichokiona, sikiandiki. Kazi yako kunakili."

Wala hakuwa mwongo. Anayejua tembe anajua kwamba limejengwa ili lisionekane. Ukuta ni mfupi, paa ni udongo ule ule wa ardhini, nyasi huota juu yake. Wazee walilijenga hivyo kwa ajili ya maadui, na lilifanya kazi yake sawasawa. Ukiwa juu ya kilima cha mbali, ng'ombe wako mbugani na mioto imezimwa, unaona nchi imelala tu.

Nilikuwa bado nimesimama pale kama mwizi aliyesahau alichofuata, Kofi akasema kwa Kijerumani maneno ambayo alinifasiria baadaye. Alisema pembetatu ya kilima kile haikufunga.

Hapa niwaeleze. Mpimaji hapimi nchi yote kwa mnyororo. Hupima mstari mmoja tambarare, kisha hupanda vilima na kupima pembe kwa ile darubini ya miguu mitatu, kilima hiki kwa kile, mpaka nchi yote imefunikwa na pembetatu. Pembe tatu zikijumlishwa lazima zifike nyuzi mia na themanini. Zisipofika, pembetatu haijafunga, na mpimaji hapati usingizi.

Bwana alipiga hesabu upya, akaona zimefunga. Kofi akashikilia kwamba ni bahati tu. Alisema siku ile yeye ndiye aliyesimamisha bendera, aliiweka kwenye jiwe la pili badala ya la kwanza, kwa uvivu, akaona haya kusema. Ulikuwa uongo mtupu, wa kumrudisha Bwana kilimani tu. Bwana aligeuka mwekundu kama pilipili. Aliandika barua mbili. Ya kwanza iliiomba Dar es Salaam siku za ziada. Ya pili alimpa Kofi mwenyewe aipeleke bomani, na bomani wakaisoma wakamlaza chini wakampiga hamsa wa ishirini, viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko.

Alilala kifudifudi siku tatu. Nilimkanda kwa maji ya chumvi, nikimlaumu na kulia pamoja. Yeye akaniambia nisipoteze wakati, bado hajanifundisha mito. Akaanza kunitajia mito ya Togo, mmoja mmoja, uso wake ukiwa kwenye mkeka.

Bwana alipanga kurudi kilimani baada ya siku sita. Mimi nilitangulia Chilondwa, nikatembea nikirudia maneno ya kumwambia mjomba. Nilipofika yote yalinipotea. Nikasema tu kwamba lea si lea.

Mjomba Ndahani alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwomba wapake majivu juu ya matembe yote, ili mzungu ayaone. Akakataa.

"Unataka nijitangaze?" akasema. "Anayeonekana hulipa kodi. Anayeonekana hubebeshwa mizigo. Jirani zetu wa barabarani walionekana, leo vijana wao wako wapi? Babu yako alijenga chini, nami niinue kichwa?"

"Usipoonekana, mjomba, kijiji kitakuwa cha mtu mwingine."

"Nyumba ninazo, ng'ombe ninao, makaburi ninayo. Karatasi itanitoa vipi?"

Nikampa jibu la Togo. Nikamsimulia habari za mji wa mama yake Kofi, uliopitwa na machela. Nikamwambia na jinsi Kofi alivyodanganya na alivyolipwa kwa uongo wake.

Mjomba akauliza, "Huyo mtu amepigwa kwa ajili ya nyumba zetu?"

"Ndiyo."

"Na hajawahi kunywa maji yetu?"

"Hajawahi."

"Hiyo ni aibu," akasema, na nikaona amekasirika kweli, si kwa mzungu bali kwa nafsi yake. Akasimama, akawaita wanawake, akasema majivu ya kila jiko yakusanywe.

Siku ya kupanda nilimngoja Bwana chini ya kilima, nikapanda naye kubeba daftari. Kofi alipanda akiwa bado anatembea kwa kupinda. Bwana alisimamisha darubini, akapima pembe zake, akakuta ni zile zile za mwanzo. Kisha akaielekeza bondeni. Alikaa na jicho pale muda ambao niliuona mrefu. Chini yetu paa za Chilondwa zilikuwa nyeupe kama mbuga ya chumvi.

"Kumi na saba," akasema. Akanitazama mimi, akamtazama Kofi, akatazama majivu kwenye nywele za mwenyeji mmoja aliyekuja kutuongoza. Nadhani alijua kila kitu. Lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, na alikuwa ameona.

"Jina?"

"Chilondwa, Bwana."

Alilifuta neno lake la penseli, akaandika. Tuliposhuka, mjomba alimngoja Kofi njiani na kibuyu cha maji, akampa kwa mikono miwili. "Mbukwenyi," akamsalimu kwa Kigogo. Kofi akanywa, halafu akapapasa ukuta wa tembe kama anayemtambua mtu.

Ofisini niliikwangua *leer* ya Chilondwa kwa ncha ya kisu, nikasugua chaki, nikaandika jina na idadi ya nyumba. Chaki haikutosha. Wino ulitapakaa kidogo kwenye herufi l, ikanenepa kuliko wenzake. Ilikuwa herufi mbaya kuliko zote nilizoandika maishani, na Karani Mkuu angeiita mlevi, nami nilitoka nje nikaimba.

Mlowezi alikuja Chilondwa akiwa na karatasi yake mkononi, akasimama, akaona nyumba, akaona jina kwenye ramani, akageuza farasi. Kodi ilikuja pia, kama mjomba alivyosema. Waliilipa kwa kunung'unika.

Kisha vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza. Bwana Mpimaji akavaa sare, akaondoka na Kofi. Kwenye stesheni Kofi aliniambia, "Somo, tazama vizuri ile Togo yangu ya ukuta." Hatukuonana tena. Kilichompata sijui, na nimeuliza watu wengi.

Siku moja aliingia ofisini ofisa wa kulisha askari, akaitaka ramani. Nikatandaza chapa yake iliyorudi kwetu kutoka Dar es Salaam. Kidole chake kikatembea kusini ya Mtumba, kikasimama juu ya ile l nene. "Hapa pana nyumba kumi na saba," akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie nisaidie. "Pana ng'ombe."

Walikwenda moja kwa moja. Hawakuhitaji hata wa kuwaonyesha njia. Walichukua ng'ombe, wakachukua mtama, wakachukua vijana kuwa wapagazi. Baadaye Waingereza nao wakatumia ramani ile ile. Mvua ikakosekana, na njaa iliyofuata wazee wote wa Ugogo wanaijua. Mjomba Ndahani alikufa katika njaa hiyo. Nilipata habari nikiwa nachonga kalamu.

Niliwatumikia Waingereza mpaka nikastaafu, katika kazi ile ile. Togo iligawanywa vipande viwili, Waingereza kimoja na Wafaransa kingine, na ramani mpya ilipokuja mikononi mwangu niliutafuta mji wa mama yake Kofi. Kikaratasi changu kilikuwa kimeliwa na mchwa wa Dodoma siku nyingi. Kwa kukumbuka tu nilikuta majina matatu yanayofanana na alilonitajia, na hata moja sikuthubutu kuapa ndilo.

Nilipopata mapumziko yangu nilikwenda Chilondwa. Binamu yangu Nyemo, binti wa Mjomba Ndahani, sasa bibi kizee, alikuwa anapeta uwele. Nikakaa, nikamwuliza lililonikaa moyoni miaka yote: je, ningeacha neno lile lilivyokuwa, baba yake asingekuwa salama zaidi?

Hakusimamisha ungo. "Ng'ombe walichukuliwa," akasema. "Ndugu zangu walichukuliwa, hawakurudi. Baba alikufa akiwa mwepesi kama jani. Hayo yote wino wako umo." Akapuliza makapi. "Lakini tulikufa kwetu, Juma. Baba yuko pale, nyuma ya zizi. Wewe ulitaka nikuambie nini? Swali hilo si la kuniuliza mimi. Kawaulize wale wasiokuwa na mpwa ofisini."

Sikulala vizuri juma zima. Mahali kumi na pawili niliandika *leer*, na mahali pamoja tu nilikuwa na mjomba. Yale kumi na moja nilijua maana yake kabla ramani haijaondoka, nami nikayaacha, kwa sababu sikuwajua watu wake. Katika miaka yote ya kazi nilijisifu kwa jina moja nililoliandika, wala sikuyahesabu yale niliyoyaacha.

Basi nikanunua daftari, nikafunga viatu, nikaanza kuyaendea kwa miguu, haya yaliyobaki. Mahali pa kwanza nilikuta seng'enge. Pembeni yake, nje, palikuwa na kibanda, na mzee wa rika langu akisuka kamba ya katani. Nikamsalimu. Akaniuliza nimekuja kununua au kuuza. Nikamwambia nimekuja kuuliza pale ndani, kabla ya seng'enge, palikuwa panaitwaje.

Alinitazama daftari, akanitazama vidole, vyenye wino usiotoka tena.

"Umechelewa," akasema. Akaweka kamba chini. "Andika."